Mtafutieni Ndegwa Kazi

"Andika anaheshimu muda," Wavinya alisema, na Kalondu akacheka hadi githeri ikampalia.

Maggie alimpiga mgongoni kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa bado kwa simu. "Usitufie sasa. Tuko na dakika kumi na mbili."

Walikuwa watatu, washonaji wa mashati, wamebanana kwenye kibanda cha chakula nje ya geti la kiwanda, Thika. Ilikuwa lazima meneja wao, Ndegwa, apate kazi mpya kabla ya Jumatatu. Asipopata, mwenzao Rachael, aliyeamriwa na Ndegwa kurudi siku hiyo, angemwacha mtoto wa wiki tatu kule Gatongora, mshono wa upasuaji haujakauka, arudi kwa mashine. Njau, naibu wa Ndegwa, angemwacha apone.

Wavinya hakufunzwa LinkedIn, mtandao wa kutafutia kazi, na mtu. Shule aliiacha darasa la saba. Mengine yote amejisomea, sheria ya kazi kwanza, halafu hii. Aligundua kwamba huko ukipiga magoti hakuna anayekuona. Anayeonekana ni yule anayesifiwa na wengine. Na profaili ya Ndegwa ilikuwa imelala tangu 2016, picha yenyewe ya harusi, bega la bibi harusi likichungulia pembeni.

Kwanza wakajifungulia akaunti. Kalondu, aliyeshona vifungo miaka kumi na moja, akawa Mtaalamu wa Vifungo.

"Ngai! Kumbe niko na cheo!"

"Na hakuna kudanganya," Wavinya alionya. "Ukweli mtupu. Wakituuliza, tujibu bila kutetemeka."

Kwa hivyo Maggie akaandika: Bwana Ndegwa hapotezi hata dakika moja. Wavinya akaandika: Mpe ufunguo, hautatoka mikononi mwake. Kalondu akafikiria, akaandika polepole: Kwake nilijifunza uvumilivu ambao sikujua mwili wangu unao.

Hapo hawakucheka. Wavinya ana kumbukumbu ndefu. Machi 2018 Kalondu alijikojolea kwenye kiti chake cha kazi, mbele ya watu wote. Wavinya anakumbuka tarehe, rangi ya sketi, na nani alikuwa anatazama saa.

Simu ikalia. Ndegwa alikuwa amezikubali sifa zote tatu kabla chai haijapoa.

"Huyu naye anapenda kusifiwa, woi!" Maggie akasema, na kicheko kikarudi upya. Akafungua matangazo ya kazi. "Shamba la maua, hapa hapa Thika. Meneja."

"Wanawake wangapi?" Wavinya akauliza.

"Kama mia tatu."

"Hapana."

"Kiwanda cha soksi, Ruiru. Wanawake themanini."

"Wee! Hapana kabisa. Nitamwangaliaje Mungu?"

"Kwani unamtafutia kazi ama seminari?" Kalondu akauliza, na mwenye kibanda akageuka kuona ni nini kinawachekesha hivyo watu wanaokula githeri ya jana.

Halafu Maggie akapata ghala la mabati, Theta. Msimamizi mmoja. Nyumba ndani ya kiwanja. Aanze mara moja. Wengine atakaofanya nao kazi: mbwa wawili wa ulinzi.

"Dume ama jike?"

"Haijaandikwa."

"Basi tutawaombea," Wavinya akasema, akanyakua simu.

Hakuandika "naomba". Alimwandikia mwenye ghala mistari mitatu: mnahitaji mtu mkali wa funguo na saa; mtazameni huyu; tuulizeni sisi tuliomwona kazini. Kisha wakatimua mbio kurudi getini, viatu mkononi, wakicheka kama wasichana waliotoroka shule.

Mwenye ghala aliuliza. Mtaalamu wa Vifungo alijibu kwa simu, kwa sauti ya kanisani, na hakudanganya hata neno moja.

Jumatano Ndegwa alivaa tai akaaga, ati anaenda kwa daktari wa meno. Alienda Theta. Alhamisi akatangaza kwenye ukurasa wake kwamba amepata kazi, na watu watatu wa kwanza kumpongeza tunawajua.

Wavinya alimpigia Rachael. "Amepata!"

Rachael alipiga kelele hadi mtoto akaamka. "Haki? Kwa hivyo nikae?"

"Kaa, mami. Kaa mpaka mshono ukauke."

Ijumaa saa kumi mashine zilizimwa, keki ikaletwa. Ndegwa alipanda juu ya stuli, macho yamelowa.

"Miaka minane nimekuwa meneja wenu," alisema, "na sikujua mnanipenda hivi."

Akampa naibu wake, Njau, orodha ya waliotakiwa kurudi Jumatatu, na Njau akakata jina la kwanza, la Rachael, hapo hapo. Kisha Ndegwa akavua shingoni ufunguo wa choo cha wanawake, na kabla hajauliza amwachie nani, Kalondu alikuwa ameshanyoosha mkono.