Kengele ya Pikapu Kuukuu

Mume wangu ni mwalimu wa udereva, lakini tangu anunue gari linalopiga kengele lenyewe likikaribia kitu, shingo yake imesahau kugeuka.

Jana gari hilo lilikuwa gereji, tukaenda kwa mama yangu kwa pikapu yangu kuukuu. Wakati wa kuondoka akaanza kurudi nyuma uani, macho mbele, akinisimulia kwa madaha habari za mwanafunzi aliyemfelisha kwa kutotazama nyuma.

Nikageuka mimi. Mama alikuwa ameinamia beseni la nguo, ametupa mgongo, povu hadi kwenye viwiko.

Ningemwita mume wangu, angeniuliza, "Nini tena?" Kwa hiyo nikapaza sauti: "Pii! Pii! Piiii!"

Mguu wake ukakanyaga breki kabla hajajua nani kalia. Pikapu ikasimama shubiri moja tu kutoka kwenye beseni.

Mama akainuka, akapangusa povu lililorukia bampa.

"Mkwe wangu, kumbe hata gari hili kuukuu lina kengele?"

Mume wangu akanitazama, jasho likimtiririka. "Linayo, mama."

"Basi shuka, baba. Mpishe kengele aendeshe."