Figo ya Nyumba Moja

Kibandiko cha kupima figo, ambacho kila mtu hutembea nacho, kililia mkononi mwa Shekue alipokuwa akivaa viatu aende kazini. Figo zake zilikuwa zimeshuka hadi kumi na mbili kwa mia. Sheria ilijulikana: mwenye namba kubwa zaidi nyumbani hutoa figo moja siku hiyohiyo.

Mkewe, Rukia, alikuwa na tisini na sita.

“Mama Hawa, usikimbie,” alisema Shekue, akamdaka shingoni. “Wenzio wametoa na bado wanalima.”

“Uliapa utaacha kunywa gongo! Mwongo mkubwa wewe!”

Shekue akambamiza ukutani. Rukia akanyakua kisu, akakipenyeza chini ya kibandiko chake na kukibandua pamoja na ngozi. Damu ikamwagikia unga wa maandazi aliokuwa akiukanda. Asiye na kipimo hahesabiwi.

Mlio ukahamia chumbani, kwenye kibandiko cha Hawa, binti yao wa miaka sita aliyekuwa amelala.

Shekue akamwachia mkewe, akautazama mlango.

“Hapana, Baba Hawa! Mimi hapa, chukua yangu!” Rukia alipiga magoti, akaokota kibandiko kwenye unga, akakigandamiza juu ya kidonda. Kikateleza kwa damu. Akakigandamiza tena.