Mwandiko Kwenye Mita

Koili ya kupimia umeme, iliyovishwa kwenye waya mkuu wa mgodi, iliandikwa ampea mia nane. Ndani ya mita, fundi aliona pamepangwa mia nne. Kumbe kwa miaka mitatu mita ilikuwa ikisoma nusu tu ya umeme. Nusu nyingine iliitwa wizi, na mlinzi wa kituo hiki cha umeme akafungwa, akafia jela.

Kibandiko cha aliyeipanga mita kilikuwa pembeni. Mwandiko ulikuwa wa fundi mwenyewe.

“Mbona jasho linakutoka, fundi, umepigwa shoti?” Mama Chola, mjane wa mlinzi, aliegemeza fagio. “Shika munkoyo huu unywe, upoe.”

“Joto tu, mama.”

“Leo ndiyo umelijua joto la Kitwe?”

Fundi alipokea kikombe kwa mkono mmoja, kama asiyefunzwa adabu. Mwingine ulikuwa nyuma ya mgongo, kwenye mita, ukucha ukibandua kibandiko.