Kitambaa cha Ziada

"Kemo imegoma, mzee wangu," daktari alisema. Saratani ya tezi dume ilikuwa imeshaingia kwenye mifupa. Vilibaki vidonge ambavyo huenda vikaichelewesha kidogo, au mionzi ya kutuliza maumivu ya mgongo. Dawa ya kuponya haikuwepo.

Fundi cherehani aliipandisha suruali yake kiunoni. Mkewe ndiye aliyeuliza, "Kwa vidonge, atanenepa tena?"

"Sidhani, mama."

Walipofika nyumbani, fundi alivua suruali yake iliyokuwa ikimpwaya, akajifunga shuka, akaketi kwenye cherehani. Tangu augue alikuwa ameipunguza mara kadhaa, na kila mara aliacha kitambaa kilichozidi kimekunjwa ndani ya mshono. Hata wateja wake aliwafanyia hivyo. Mtu akinenepa, unafumua tu.

"Kiuno kama cha nyigu," alisema, akiipitisha suruali chini ya sindano.

Mkewe hakucheka. "Baba watoto, umeamua nini?"

"Mionzi. Angalau niweze kukaa kwenye hiki kiti."

"Na vidonge? Si alisema huenda vikasaidia?"

Fundi alikata uzi kwa meno, akaigeuza suruali ndani nje, akanyoosha mkono. "Nipe mkasi."

"Wa nini? Si umeshamaliza?"

Akauchukua mwenyewe. Akakata kile kitambaa cha ziada, upande mmoja, kisha wa pili, taratibu, karibu kabisa na mshono.

Mkewe aliinama akaviokota vile vipande, akasimama navyo mkononi, asijue pa kuviweka.