Kipepeo wa Aprili

Hasnain aliigeuza fremu ikatazama ukuta mara tu Advera alipoingia dukani.

"Shikamoo, Mzee Hasnain."

"Marahaba, mama. Habari za Usinge?" Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu mwenye mgonjwa chumba cha pili.

Advera aliweka boksi juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na vipepeo wakavu, kila mmoja amekunjiwa karatasi yake. Kwa miaka tisa mumewe, Valentino, aliwakamata katika misitu ya Usinge. Hasnain ndiye aliyewachoma pini, akawatandaza mabawa na kuwafunika kwa kioo, kisha akawauzia watu wa kupamba sebule.

"Hawa ndio wa mwisho," alisema Advera. "Valentino alipotea msituni mwezi wa kwanza. Wanakijiji walimtafuta wiki mbili. Padri ameshamwombea."

Alitazama chini. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, vilivyovunjika zamani vikaunga vibaya, vilikuwa vikichezea kamba ya boksi.

Hasnain hakusema pole. Boksi hakuligusa. Macho yake yalikwenda kwenye ile fremu, yakarudi. Kisha akaenda mlangoni, akachungulia barabarani, akafunga kwa komeo. Duka likabaki gizagiza, likinuka dawa ya nondo.

"Mbona unafunga, mzee?"

Advera akarudi nyuma hatua moja, halafu akanyoosha mkono na kuigeuza fremu mwenyewe. Alikuwemo kipepeo mkubwa, mweusi mwenye mabaka ya kijani, na chini yake kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mwandiko alioujua kuliko wake mwenyewe. *Chemchem, 12 Aprili.*

"Aprili," alisema taratibu.

"Aprili hii hii. Aliniapisha nisimwambie mtu yeyote," alisema Hasnain. "Lakini siwezi kukutazama umevaa nyeusi kwa ajili ya mtu anayekula kwangu kila siku. Yu hai, mama. Anachechemea tu. Nimempa chumba nyumbani kwangu, mtaa wa Chemchem. Kila nikirudi kutoka dukani ananiuliza kama umekuja mjini."

Advera alishika ukingo wa kaunta.

"Nilipokuona unavuka barabara nimempigia simu," aliendelea Hasnain, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Nimefunga ili mkutane bila macho ya watu. Atapitia uani."

Advera bado alikuwa ameushikilia ukingo wa kaunta. Mzee akamvutia kiti.

"Kaa, mama. Furaha imekuzidi."

Huko uani geti lilifunguliwa. Hatua zikasikika, moja nzito, moja ya kuburuta.

Advera hakukaa. Mwezi ule wa kwanza, baada ya kumsukuma Valentino, alikuwa amesimama kwenye mdomo wa kisima kikavu katikati ya msitu, akingoja, mpaka sauti iliyokuwa ikimwita kutoka chini ikanyamaza.