Shela Ndani ya Kioo

Bi Mwanasiti alivua viatu mlangoni, ingawa kwenye makumbusho ya filamu iliyopigwa zamani mjini hapo hakuna aliyekuwa akivua. Ukutani filamu ilikuwa ikijirudia yenyewe, bila sauti. Wanawake walipiga vigelegele visivyosikika, na bwana harusi akanyoosha mkono. Chini ya ukuta huo, ndani ya kioo, lilikaa shela lililogeuka rangi ya chai.

"Bibi harusi alikuwa binti wa hapa hapa," mlinzi alimweleza. "Shehe waliyemleta aigize alikuwa shehe kweli, naye akafungisha ndoa kama anavyofungisha siku zote. Mwigizaji aliyekuwa bwana harusi akaondoka na wenzake. Binti akawakataa wachumba wote, eti yeye ni mke wa mtu."

"Na mume?"

"Alifariki juzi, bibi. Walitangaza redioni."

"Nilisikia, mwanangu."

Alitandika mkeka wake mbele ya ukuta, akaketi, hana wanja wala manukato.

"Bibi, tunafunga saa kumi na moja."

"Mjane hukaa eda nyumbani kwa mumewe," alisema taratibu. "Mimi sijui nyumba yake nyingine."

Mlinzi akamtazama yeye, akalitazama shela. Ukutani bwana harusi alinyoosha tena mkono, na mwanga wake ukamwangukia Bi Mwanasiti kiganjani.