Maziwa ya Ngano

"Umechuma wapi suke hilo? Bondeni penye unyevu?" Orest, mume wangu, alinipigia kelele kutoka kwenye trekta, mashine ya kukatia nyasi ikinguruma nyuma yake. "Bonde linadanganya, mke wangu. Panda mwinukoni!"

Nilipanda, mtoto nimembeba kifuani. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Katikati ya Julai punje ya ngano ukiibinya hutoa maziwa. Isipotoa, shamba lote hukatwa likawa chakula cha ng'ombe, na mavuno ya mwaka ndiyo basi tena.

Juu kule nilichuma suke, nikalifikicha viganjani, nikapuliza makapi. Punje ya kwanza niliibinya kwa ukucha: tupu. Ya pili, tupu.

"Vipi, nikate? Au umekaa kunyonyesha huko?"

"Ngoja, bwana we!"

Ya tatu iliulowesha ukucha. Sikujua kama ni maziwa au jasho langu mwenyewe. Nikalamba.

Tamu.

"Zima trekta!"

Akazima. Katika kimya kile nikatazama juu, mbingu nyeupe isiyo na wingu hata moja, nikaliogopa neno nililotamka: mvua isiponyesha, hata chakula cha ng'ombe tutakikosa.